Mzigo Umefika, Nani Anapakua? Tiba ya Jeni Isiyotumia Virusi na Ugumu wa Saratani ya Ini

Tangu Agosti 2018 kuna dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani ambayo husafiri kwenye damu ikiwa ndani ya matone ya mafuta madogo kupita kiasi, huingia katika seli za ini na kuzima jeni moja iliyokusudiwa, bila kirusi chochote kuhusika katika safari hiyo. Dawa hiyo, Onpattro, haihusiani na saratani. Hutibu ugonjwa wa kurithi ambao ndani yake ini hutengeneza protini yenye kasoro inayokwenda kujikusanya kwenye neva na moyo. Mtu akiisikia habari hiyo huuliza swali la haki kabisa: ikiwa ini linafikika kwa njia hiyo, kwa nini saratani ya ini yenyewe haijapata dawa ya aina hiyo?

Mimi niliulizwa swali hilo na marehemu mjomba wangu, mkulima wa kahawa wa Mbozi ambaye kabla ya hapo aliendesha malori kati ya Tunduma na Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi jijini Mbeya, naye amejifunika koti zito kwa sababu ya baridi ya Juni, tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya njano. Binti yake alikuwa amemsomea kwenye simu habari za tiba ya jeni, na kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesoma baiolojia, nikatakiwa kutoa maelezo. Nilimweleza habari ya matone ya mafuta, jinsi yanavyopenya hadi kwenye ini na jinsi yanavyopokelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Sawa mjomba, mzigo umefika. Nani anapakua?" Nimesoma maandishi mengi ya kitaalamu tangu siku ile, na sijakutana na aliyeuliza vizuri zaidi.

Ili swali lake lieleweke, inabidi kwanza tuujue mzigo wenyewe. Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili kuna DNA, maandishi marefu ya kemikali yenye herufi nne tu, na jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Seli haisomi maandishi ya asili moja kwa moja. Hunakili sehemu inayohitajika katika RNA mjumbe, na nakala hiyo hutoka nje ya kiini kwenda kusomwa mahali protini zinapotengenezwa. Tiba ya jeni ni jina la pamoja la mbinu zinazoingilia mlolongo huo popote pale. Unaweza kupeleka jeni nzima katika umbo la DNA. Unaweza kupeleka RNA mjumbe iliyokwisha kunakiliwa, ili seli ianze kazi mara moja. Unaweza kupeleka kipande kifupi cha RNA kinachoinasa nakala isiyotakiwa na kusababisha ikatwe kabla haijasomwa. Au unaweza kupeleka mkasi wa kuhariri maandishi ya asili yenyewe. Ugunduzi wa kuzima nakala kwa RNA uliwapatia Andrew Fire na Craig Mello Tuzo ya Nobel mwaka 2006, na ule wa mkasi ukawapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya mwaka 2020.

Saratani, kwa lugha hiyo hiyo, ni maandishi yaliyoharibika mahali ambapo hayakupaswa kuharibika, na kwa upande wa ini tunao mfano ulio karibu na maghala yetu. Mahindi na karanga zikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu ambayo wataalamu wa kilimo wa Tanzania wameizoesha jina la sumukuvu. Ndiyo iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yanapochambuliwa juu ya turubai, punje zenye ukungu wa kijani hutengwa pembeni. Katika nyumba nilizokulia hazikutupwa, bali zilikwenda kwa kuku au kwenye pombe ya kienyeji, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo kwa kiasi cha kutosha. Anayekula sumukuvu nyingi kwa mara moja huugua papo hapo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hupata jambo lingine: vimeng'enya vya ini, katika juhudi za kuitoa sumu hiyo mwilini, huigeuza kuwa kemikali kali zaidi inayojibandika kwenye DNA. Mwaka 1991 timu mbili za watafiti, moja ikichunguza wagonjwa kutoka China na nyingine wagonjwa kutoka kusini mwa Afrika, zilionyesha kuwa katika uvimbe mwingi wa ini wa maeneo yenye sumukuvu herufi moja ilikuwa imebadilika mahali pale pale, katika neno la 249 la jeni iitwayo p53, ambapo G imekuwa T. Herufi moja tu, na protini ambayo kazi yake ni kusimamisha seli iliyoharibika isizaliane hupoteza uwezo huo. Mtu akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kujipachika ndani ya DNA ya seli za ini, hatari hizo mbili hazijumlishwi, huzidishana.

Ugonjwa unaotokana na hayo huua zaidi ya watu 700,000 duniani kila mwaka. Akigunduliwa mapema, mgonjwa anaweza kukatwa sehemu ya ini, kuunguziwa uvimbe kwa sindano ya joto, au mahali penye uwezo kupandikizwa ini jingine. Akichelewa hubaki na vidonge na sindano. Sorafenibu, kidonge cha kwanza kuthibitika kurefusha maisha ya wagonjwa hao, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008 yakionyesha wastani wa miezi 10.7 dhidi ya 7.9 kwa waliopewa dawa bandia. Watu walishangilia miezi mitatu, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Mwaka 2020 zilikuja sindano za kuamsha kinga zenye matokeo bora zaidi, lakini hata hizo huwasaidia baadhi tu. Hapo ndipo wazo la kwenda kwenye maandishi yenyewe, badala ya kupambana na matokeo yake, linapopata mvuto.

Kwa miaka mingi mchukuzi wa kwanza kufikiriwa katika tiba ya jeni alikuwa kirusi, na sababu yake ni rahisi: virusi vimefanya kazi ya kuingiza jeni ndani ya seli tangu zamani za kale. Huondolewa sehemu zake za kuleta ugonjwa, hupakiwa jeni ya tiba, kisha huachiliwa. Lakini mwili nao umekuwa ukipambana na virusi muda wote huo. Mwezi Septemba 1999, kijana wa miaka 18 aitwaye Jesse Gelsinger alifariki katika jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baada ya kudungwa kiasi kikubwa cha adenovirusi iliyobeba jeni ya kurekebisha kasoro katika ini lake. Kinga yake ililipuka, na viungo vikashindwa kimoja baada ya kingine. Virusi vidogo zaidi vinavyopendwa siku hizi ni vipole kuliko hivyo, lakini vina mambo mawili yanayovifanya visifae sana kwa saratani. Havibebi zaidi ya herufi 4,700 hivi, na baada ya dozi ya kwanza mwili hutengeneza kingamwili ambazo huzuia dozi ya pili. Mgonjwa wa kurithi anaweza kutosheka na dozi moja. Saratani hukua, hubadilika na kurudi, na dawa isiyorudiwa ni kama lori lenye mafuta ya kwenda tu.

Njia zisizotumia virusi zilianza kwa unyonge. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake walionyesha kwamba mafuta yenye chaji chanya hujifunga kwenye DNA, ambayo ina chaji hasi, na kuisindikiza ndani ya seli zilizooteshwa maabara. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake walidunga DNA tupu, isiyofunikwa na chochote, kwenye misuli ya panya, na misuli ikaanza kutengeneza protini iliyoandikwa humo, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Mwaka 1999 ikaja mbinu ya ajabu zaidi: panya hudungwa kwenye mshipa wa mkia maji yenye DNA yanayofikia asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake, yote ndani ya sekunde chache, na shinikizo hilo huifungua milango ya seli za ini kwa nguvu. Kwa panya inafanya kazi vizuri sana na maabara nyingi huitumia hadi leo. Kwa mtu wa kilo 60 ingemaanisha kumwingizia lita tano au sita kwa sekunde zile zile, karibu sawa na damu yote aliyo nayo. Ndiyo maana msomaji anapoona kichwa cha habari kisemacho kwamba saratani ya ini imetibiwa kwa jeni kwenye panya, inafaa aulize kwanza jeni hiyo iliingizwaje.

Kilichobadilisha hali ni matone ya lipidi, yaani yale ya mafuta niliyoyataja mwanzo. Ukubwa wake ni nanomita 80 hadi 100, yaani matone kama 10,000 yakipangwa mstari yatatimiza milimita moja. Siri yake imo katika lipidi ambazo zinapokuwa kwenye damu hazina chaji, kwa hiyo hazishikamani ovyo na kila kitu, lakini zikikutana na asidi hupata chaji chanya. Na ini, kwa maumbile yake, limejengwa kama soko lisilo na geti. Mishipa midogo ya viungo vingi imezibwa vizuri, lakini ile ya ini ina vitundu vya nanomita 100 hadi 150 hivi ili chembe za mafuta ya chakula zipite. Matone yakiwa njiani hujivika protini ya damu iitwayo ApoE, ambayo kwa kawaida hubebwa na chembe za kolesteroli, na seli za ini zina vipokezi vinavyoidaka protini hiyo. Kwa hiyo ini huyameza matone likidhani ni mafuta ya kawaida. Hakuna aliyelazimika kuandika anwani kwenye kifurushi. Kilifika kwa kuwa kilifanana na vifurushi vinavyokwenda huko kila siku.

Sasa turudi kwenye swali la mjomba. Seli haimezi kitu na kukiachia huru ndani yake. Hukizungushia kifuko, na kifuko hicho huongezewa asidi taratibu hadi kilichomo kimeng'enywe. Mzigo wetu kwa hiyo umo ndani ya seli lakini bado umefungiwa katika kontena linalopelekwa jalalani. Hapo ndipo zile lipidi zinazobadilika kwenye asidi zinapotakiwa kupata chaji, kujibandika kwenye ukuta wa kifuko na kuutoboa ili RNA idondoke nje. Watafiti waliohesabu jambo hilo kwa darubini mwaka 2013 walikuta kwamba ni asilimia moja hadi mbili tu ya RNA fupi iliyomezwa ndiyo iliyofanikiwa kutoka. Asilimia 98 huishia tumboni mwa seli. Onpattro inafanya kazi kwa sababu RNA fupi ikitoka, hata ikiwa chache, hutumika tena na tena. Molekuli moja huharibu nakala nyingi. Anayepeleka DNA ana safari ndefu zaidi, kwani baada ya kutoka kwenye kifuko lazima mzigo uingie ndani ya kiini, na ukuta wa kiini hauna vitundu vya kupitisha kitu kikubwa kiasi hicho. Kuna ahueni moja isiyo ya kawaida: seli ya saratani hugawanyika mara kwa mara, na inapogawanyika ukuta wa kiini huvunjika kwa muda. Tabia inayoifanya iwe hatari ndiyo hiyo hiyo inayoacha mlango wazi.

Hayo yote yanaeleza ugumu wa tiba hii kwa ujumla, lakini hayaelezi kwa nini ugonjwa wa kurithi wa ini umepata dawa na saratani ya ini haijapata. Kwa maoni yangu sababu ziko mbili, na ya kwanza ni kwamba uvimbe unakaa ndani ya ini lakini si ini. Wagonjwa wengi wa saratani hii wana ini lililokwisha kujaa makovu kwa sababu ya homa ya ini, pombe au mafuta yaliyojikusanya ndani yake, na makovu hayo huziba vile vitundu vya mishipa nilivyovieleza. Seli za saratani nazo, kadiri zinavyoharibika, ndivyo zinavyopoteza sura ya seli za ini, pamoja na baadhi ya vipokezi vyake. Mzigo unaobebwa kwa uaminifu mkubwa hadi kwenye ini unaishia kwenye sehemu za ini zisizo na saratani, zile chache zinazomweka mgonjwa hai, huku uvimbe ukipata makombo. Njia mojawapo ya kulizunguka tatizo hilo inatokana na anatomia: ini la kawaida hupata sehemu kubwa ya damu yake, karibu robo tatu, kupitia mshipa unaotoka kwenye utumbo, wakati uvimbe hunyonya hasa kutoka kwenye ateri ya ini. Madaktari hupitisha mpira mwembamba hadi kwenye ateri hiyo ili kumwaga dawa za saratani na kuziba damu inayolisha uvimbe. Hakuna kinachozuia vibebeo vya jeni kupitishwa hapo hapo, na wapo wanaolijaribu jambo hilo kwa wanyama.

Sababu ya pili ni hesabu, na hii ndiyo ninayoiona inasahauliwa zaidi. Katika ugonjwa unaotibiwa na Onpattro, ukizima jeni katika seli nane kati ya kumi, protini mbovu kwenye damu hupungua kwa takriban asilimia 80, na mgonjwa hunufaika. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa sita wa ugonjwa huo huo waliopewa mkasi wa kuhariri jeni ndani ya matone ya lipidi kwa dozi moja tu; waliopata dozi ya juu walipungukiwa na protini hiyo kwa wastani wa asilimia 87. Ni ushindi mkubwa, na sikusudii kuudogosha. Lakini chukua asilimia 87 hiyo hiyo uipeleke kwenye uvimbe. Seli 13 katika kila 100 hazikuguswa, na hizo ndizo zitakazozaliana mwezi ujao. Tiba ya kurithi hutafuta wastani mzuri. Tiba ya saratani huhukumiwa kwa wale waliobaki.

Ndiyo maana majaribio ya moja kwa moja ya miaka ya 2010 hayakufika mbali. Kampuni mojawapo ilipakia RNA fupi ya kuzima jeni ya PLK1, ambayo seli huihitaji ili zigawanyike, na kuwapa wagonjwa wa saratani ya ini. Wengi waliivumilia, lakini uvimbe haukupungua kiasi cha kuhalalisha kuendelea. Jaribio jingine, la dawa iliyoitwa MRX34, lilikuwa zito zaidi. Lilibeba nakala bandia ya RNA ndogo ambayo seli za saratani huelekea kuipoteza, na liliwahusisha wagonjwa 85, baadhi yao wakiwa na saratani ya ini. Watatu walipungukiwa na uvimbe kwa kiwango kinachohesabika. Wanne walifariki kutokana na mlipuko wa kinga, na mwaka 2016 jaribio likasimamishwa. Nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa huku kwetu neno "virusi" linatisha na neno "mafuta" halitishi, na ni rahisi mtu kudhani kwamba kisichotumia virusi hakiwezi kudhuru. Mwili una njia za kutambua RNA ngeni hata ikija bila kirusi. Kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman iliyotuzwa Nobel mwaka 2023 ilihusu jinsi ya kubadilisha herufi za RNA ili kinga isiamke kupita kiasi.

Jaribio la tatu lilikuwa na mgeuko wa kuvutia. Dawa ya MTL-CEBPA, iliyoanza kupewa wagonjwa wa saratani ya ini mwaka 2016, haizimi jeni; huiamsha jeni iliyolala, ile inayozikumbusha seli za ini kazi zao za kawaida. Peke yake ilionyesha mafanikio haba. Lakini wagonjwa wachache waliomaliza jaribio na kuendelea na vidonge vya aina ya sorafenibu waliitikia vizuri kuliko ilivyozoeleka, na watatu kati yao uvimbe ulitoweka kabisa. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwamba huenda dawa haikuwa imefanya kazi kwenye seli za saratani. Ilikuwa imezigeuza seli fulani za kinga ambazo kwa kawaida huulinda uvimbe. Ni idadi ndogo mno ya watu kuweza kujenga hoja juu yake, ila inalijibu lile tatizo la hesabu kwa njia ambayo haikupangwa: kama huwezi kuifikia kila seli mbaya, fikia wale watakaozitafuta zilizobaki. Mwaka 2022 watafiti wa Boston walifanya jambo la ukoo huo kwa panya, walipopeleka RNA mjumbe ya p53 katika chembe zilizowekewa alama ya kutambua kipokezi kinachopatikana kwa wingi kwenye saratani ya ini, pamoja na sindano ya kuamsha kinga, na viwili hivyo vikafanya kazi vizuri zaidi pamoja. Jeni ile ile ambayo sumukuvu huiharibu kwa herufi moja. Hata hivyo kuna kikwazo katika kuirudisha: protini ya p53 hufanya kazi zikiungana nne nne, na nakala mbovu zilizokwisha kuwamo kwenye seli huweza kujichanganya humo na kuiharibu kazi ya nzima.

Njia inayonivutia zaidi binafsi ni ile ya kuipa seli ya saratani jeni ya kujiua. Jeni yenyewe hutoka kwa kirusi cha malengelenge, ingawa kirusi chenyewe hakitumiki, na hutengeneza kimeng'enya kinachoweza kuigeuza dawa ya gansikloviri kuwa sumu inayozuia DNA isinakiliwe. Gansikloviri ikiingia kwenye seli isiyo na kimeng'enya hicho, kwa kawaida haiidhuru sana. Ikiingia kwenye seli iliyo nacho, seli hufa. Zaidi ya hapo, sumu hiyo hupenya kwenda kwa seli jirani kupitia vijia vinavyoziunganisha, kwa hiyo seli moja iliyopokea mzigo huondoka na wenzake kadhaa ambao hawakupokea kitu. Hesabu ya asilimia 87 inaanza kuonekana tofauti.

Tatizo linalobaki ni kuzuia seli nzima za ini, zisizo na saratani, zisijiue pia, na hapo maabara ya Jordan Green katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, ina jibu ninaloliona la kiungwana. Hawatumii lipidi, hutumia polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zinazovunjika zenyewe kwenye maji ya mwili baada ya kufanya kazi, na polima hizo zilichaguliwa kwa kujaribu nyingi hadi kupata zinazoingia zaidi kwenye seli za saratani ya ini kuliko kwenye seli nzima. Lakini hawakutegemea kibebeo peke yake. DNA waliyopakia ina swichi mbele yake, na swichi hiyo ni ile inayowasha jeni ya AFP. Protini ya AFP hutengenezwa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni, huzimwa baada ya kuzaliwa, na huwashwa tena katika saratani nyingi za ini. Ndiyo inayopimwa kwenye damu mgonjwa anaposhukiwa. Kwa hiyo hata mzigo ukiingia kwa bahati mbaya kwenye seli nzima, swichi haitawaka na jeni itakaa kimya. Wamelijaribu hilo kwa panya waliopandikizwa saratani ya binadamu. Kwa lugha ya mjomba, huyu si dereva mwenye ramani nzuri tu. Mzigo wenyewe una kufuli linalofunguka kwa ufunguo ulio mikononi mwa mwenye nyumba.

Inaweza kuonekana kwamba mambo haya yako mbali sana na Nyanda za Juu Kusini, na kwa namna fulani ndivyo yalivyo. Hata hivyo kupeleka jeni mwilini bila kirusi si jambo ambalo halijafanyika Mbeya. Katika majaribio ya chanjo ya VVU yaliyoitwa TaMoVac, watu waliojitolea hapa, pamoja na wenzao wa Dar es Salaam na Maputo, walidungwa kwenye ngozi DNA tupu yenye maelekezo ya vipande vya protini za VVU, na katika baadhi ya makundi ngozi ilipitishiwa mshtuko mdogo wa umeme ili seli zifunguke na kuipokea. Baadaye waliongezewa chanjo iliyobebwa na kirusi dhaifu. Lengo lilikuwa kuamsha kinga, wala si kutibu saratani, lakini kazi ya mikono ni ya ukoo mmoja: kuandaa DNA safi, kuitunza, kuidunga, kumfuatilia mtu kwa miezi, na kumweleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba DNA hiyo haitambadilisha yeye wala watoto wake. Utunzaji ndio utakaosumbua zaidi. DNA ni ngumu kuharibika, ila matone mengi ya RNA mjumbe hutaka majokofu ya baridi kali, kama tulivyoona kwa chanjo za UVIKO-19, na baridi ya Kitulo mwezi wa Juni, ambayo wageni hulalamikia sana, haifiki hata robo ya inayotakiwa.

Kabla ya majokofu hayo kuna jambo la kawaida zaidi. Tiba yenye swichi huhitaji mtu apimwe kwanza ili ijulikane swichi ipi inawaka katika uvimbe wake, na kwa wagonjwa wetu wengi kipimo cha kwanza cha utrasaundi hufanyika siku ile tumbo linapokuwa limekwisha kujaa. Mtoto anayepata leo chanjo ya homa ya ini B katika miezi yake ya mwanzo, kama ratiba ya nchi inavyotaka tangu mwaka 2002, huenda asiwahi kulihitaji lolote kati ya niliyoyaeleza. Waliozaliwa kabla ya hapo, akiwamo mjomba, hawakuipata utotoni.

Bahasha ya vipimo vyake ninayo bado. Picha inaonyesha uvimbe wa sentimita 11 katika upande wa kulia wa ini. Kwenye karatasi ya damu, mstari wa nne kutoka chini, imeandikwa AFP, na mbele yake tarakimu moja tu: 6, kiwango cha kawaida kabisa, kama ilivyo kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa wa saratani hii. Hata kama dawa ile ya Baltimore ingekuwapo kwenye kabati la wodi asubuhi ile, na ikapita kwenye ateri, na ikapakuliwa vizuri ndani ya kila seli ya uvimbe wake, kufuli lisingefunguka.